Jarida la picha linaweza kubebwa na wasomaji wenyewe?

Swali limetoka Arusha, nimelifupisha: "Shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tunatoa jarida la picha, mara nne kwa mwaka, tangu 2012, hatuna kampuni yoyote nyuma yetu. Duka la kamera lililokuwa linalipia jalada la nyuma limesitisha tangazo na hela ya wachapaji haitoshi tena. Wanunuzi ni kama mia nne hivi, wengi walewale wa siku zote. Je, wasomaji peke yao wanaweza kutubeba? Au tuache karatasi tuhamie mtandaoni? Na kuna mfadhili ametugusia, tumkubali?"

Marahaba mdogo wangu. Wanaweza kuwabeba, ila itabidi jarida likae saizi ya hao wasomaji na sio saizi ya lile tangazo, halafu nyie watatu mkubali kwamba kuanzia sasa kufuatilia wasomaji ni kazi kama ilivyo kazi ya kuchagua picha, inataka mtu wake na inataka siku zake. Nitaeleza kwa urefu maana mmelishikilia hilo jarida miaka yote hiyo bila bosi, na kwa kweli sitaki kusikia limekufa kwa sababu ya hesabu ambazo zinapigika.

Kwanza hilo duka, msilisubiri lirudi. Sio kwamba wamewachukia, biashara yenyewe ya kamera ndio imenywea dunia nzima. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kilihesabu zaidi ya kamera za dijitali milioni 120 zilizotoka viwandani mwaka 2010, ukifika 2020 hazikufika hata milioni 10, kisa simu. Sasa jarida lililokuwa linakula kwa matangazo ya kamera unategemea lile nini? Popular Photography la Marekani lilikuwepo tangu 1937, lilikuwa jarida kubwa kabisa la picha kule, na 2017 likaacha kuchapwa. Hata wa mtandaoni haikuwasaidia, DPReview, tovuti ya kupima na kulinganisha kamera, ilianza 1998, ikanunuliwa na Amazon, na Machi 2023 wasomaji wakaamka wanaambiwa inafungwa, ikabidi kampuni nyingine ije kuinunua ndio ikapona. Kwa hiyo hilo swali lako la kuhamia mtandaoni nalijibu hapahapa, kuacha karatasi peke yake hakumwokoi mtu, cha kuangalia ni nani anayelipa, na kama anayelipa anaweza kuamka asubuhi moja akaondoka na mkate wote basi mko palepale mlipokuwa na duka.

Wasomaji mia nne hawaondoki siku moja. Ila wanaweza kuondoka kidogo kidogo bila kelele, na hapo ndio nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna jarida moja ambalo kila anayetaka kuishi kwa hela ya wasomaji alijue habari zake.

Linaitwa Camera Work, la Alfred Stieglitz, New York, lilianza Januari 1903 likaisha Juni 1917, matoleo 50 jumla ukihesabu lile la mwisho lililounganishwa namba mbili. Huyu bwana alikuwa mpiga picha mwenyewe, mhariri mwenyewe, mtoaji mwenyewe, na ubora wake hadi leo watu wanashangaa, picha nyingi zilichapwa kwa fotograviya, yaani picha inaingizwa kwenye bamba la shaba kwa asidi, inapakwa wino, inachapwa kwenye karatasi nyepesi ya Kijapani, halafu kile kipande kinabandikwa kwa mkono kwenye ukurasa, picha moja moja, nakala kwa nakala. Fikiria hiyo kazi kwa jarida la nakala elfu moja. Alianza na wasomaji mia sita na kitu waliolipia mwaka mzima, wakapanda mpaka karibu elfu, na ilipofika mwisho walikuwa wamebaki 37. Thelathini na saba.

Walienda wapi? Sababu ni zaidi ya moja. Waliokuwa wanalipia walikuwa wapiga picha, na Stieglitz akaanza kuvutiwa na wachoraji, mwaka 1911 akaweka michoro ya Rodin, 1912 akatoa toleo zima la Matisse na Picasso, na msomaji aliyelipa aone picha za kamera akaona hapa sipo. Halafu vita ikaja 1914. Lakini mimi jambo linaloniuma zaidi ni ratiba. Toleo la 47 lilitoka Januari 1915, la 48 likaja kutoka Oktoba 1916, hapo katikati mwaka na miezi mtu alishalipa na hapati kitu. Msomaji anavumilia toleo baya, anavumilia hata picha asizozielewa, ila ukimya wa mwaka mzima huku hela yake unayo, huyo humpati tena. Na ujue yale matoleo ya mwisho ndio leo yanatafutwa kama dhahabu, lile la Juni 1917 lilikuwa na picha za Paul Strand ambazo zilibadilisha kabisa namna watu wanavyopiga picha za mtaani. Ubora ulikuwepo. Wasomaji hawakuwepo.

Sasa rudi kwako. Umeniambia wanunuzi ni "kama mia nne", hiyo "kama" ndio kitu cha kwanza cha kuondoa. Chukueni eksel, au hata daftari la kaunta, mstari mmoja kwa kila mtu, jina, namba ya simu, yuko mji gani, na safu moja kwa kila toleo, aliyenunua unaweka alama. Rudini nyuma matoleo manne tu. Mkimaliza mtaona vitu ambavyo hamkuvijua, mtaona kuna watu labda mia mbili hawajawahi kukosa hata toleo moja, kuna wengine wananunua lile lenye picha za mji wao tu, kuna wengine walinunua mara moja kwenye uzinduzi kwa sababu mlikuwepo wenyewe na ilikuwa aibu kukataa. Hao wa kwanza ndio jarida lenu. Bajeti yote ipigwe kwa hao, na wengine wakija ni faida. Na kila toleo jiulizeni swali moja, katika walionunua lililopita wangapi wamerudi? Wafuasi wa Instagram wasiwachanganye, mtu kulaiki picha ni kitu kingine kabisa na mtu kutoa elfu kumi na tano.

Hao waaminifu muwaombe walipie mwaka mzima mbele. Hapa ndio kuna hatari kubwa kuliko zote na naomba unisikilize. Tuchukulie mfano tu, watu 300 wamelipa shilingi 60,000 kila mmoja, simu inaingiza milioni 18 ndani ya wiki chache na nyie mnaona mmetoka kwenye shida, mnanunua kompyuta mpya, mnalipa deni la mchapaji la mwaka jana, mnachapa toleo la kwanza la kifahari. Hiyo hela sio yenu bado! Ni deni la matoleo manne ambayo hamjayatoa. Milioni 4 na nusu ndio yenu siku toleo la kwanza linapofika mikononi mwa watu, ile milioni 13 na nusu iliyobaki ikae akaunti nyingine ambayo haitolewi na mtu mmoja, lazima sahihi mbili, na inafunguliwa mara tatu tu, kila toleo lililobaki linapofika kwa watu. Ndio maana pia siku zote nawaambia watu wasiuze usajili wa maisha. Mtu analipa mara moja, mnaila mwezi huohuo, halafu mnamtumia jarida bure mpaka mwisho wa dunia.

Njia ya kulipia nayo ina mambo yake. Majarida ya Ulaya na Marekani yanaishi kwa kadi ya benki inayokata yenyewe kila mwaka, msomaji akisahau hela inakatwa tu. Sisi wengi tunalipa kwa simu na kwa simu mtu anatuma kwa mkono wake kila mara, akisahau umeshampoteza japo hajakukasirikia hata kidogo. Kenya sasa M-Pesa wana Ratiba, mtu anapanga malipo yajirudie yenyewe, wasomaji wenu wa Nairobi waelekezeni huko. Kwa wengine dawa ni mtu wa kukumbusha. Meseji ya kwanza mwezi mmoja kabla muda wake haujaisha, ya pili siku toleo linapoenda kuchapwa, ya tatu apigiwe simu, na apigiwe na mmoja wenu watatu, sio kijana wa kazi. Mkipiga msianze na hela, mwulizeni toleo lililopita lilimfikia salama, picha gani ilimkaa. Mtashangaa ni wangapi watakwambia "kumbe muda umeisha, natuma sasa hivi". Na hakikisheni lipa namba imesajiliwa kwa jina la jarida, maana mtu akiona linatokea jina la mtu binafsi asiyemjua anasita, na ana haki ya kusita siku hizi.

Wale wa nje, Muscat, London, Minneapolis na kwingine, muwatenge kwenye hesabu yenu. Wana uwezo na wana hamu ya kuona kwao, ila posta inaweza ikazidi bei ya jarida lenyewe, kwa hiyo bei ya jarida iwe moja kwa wote na usafiri uandikwe pembeni, na anayetaka PDF apewe PDF kwa bei nafuu. Ndani ya nchi nadhani mnatuma kwa basi kama kila mtu, sawa, ila wa Nairobi msitume bahasha moja moja, fungeni mzigo mmoja upite Namanga ufikie kwa msomaji mmoja mnayemwamini, wenzake wachukue kwake, na yeye mpeni usajili wake bure. Wasomaji wakianza kukutana kwa mmoja wao hivyo mnakuwa mmepata kitu ambacho hakinunuliki.

Kuhusu karatasi. Gharama ya ofseti, yaani mashine inayochapa kwa mabamba, inaanza kabla nakala ya kwanza haijatoka, pleti (ndio hayo mabamba) na kuseti mashine ni bei ileile uchape mia au elfu, kwa hiyo kwa mia nne mko pabaya kidogo, ombeni bei ya mashine ya dijitali pia, ile isiyotumia pleti, mlinganishe. Chapeni idadi ya waliolipa tayari, ongezeni chache za maduka na chache za akiba, basi. Yale mabunda ya stoo ni hela yenu imekaa inaliwa na panya. Na kama lazima mpunguze, punguzeni kurasa. Ofseti inakwenda kwa mafungu ya kurasa 16 mara nyingi, ukitoka 64 ukaja 48 umetoa fungu zima na mchapaji ataona tofauti, ukitoka 64 ukaja 60 hujaokoa kitu cha maana. Lakini karatasi na wino msiviguse.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona majarida ya picha yakihamia karatasi ya bei rahisi na toleo hilohilo la kwanza picha zinakufa. Karatasi isiyo na mng'ao inanyonya wino, zile nukta ndogo za wino zinazounda picha zinatanuka, weusi unaungana. Chukua picha ya mama mweusi aliyevaa buibui, amekaa kivulini soko la Kilombero, kwenye kioo cha kompyuta unaona mikunjo ya nguo, unaona paji la uso lina mwanga kidogo, unaona pale shingo inapoishia na kitambaa kinapoanza. Kwenye karatasi mbaya unaona macho na meno. Kwa picha za watu wetu hili ni kosa kubwa kuliko kwa picha za wazungu wenye theluji nyuma, na ndio maana mtu akinipa sampuli ya kiwandani siiangalii chini ya taa zao, natoka nayo mlangoni kwenye mwanga wa mchana, naangalia kwanza nywele na nguo nyeusi. Kama vivuli vimeshikana mwambie mchapaji afungue weusi, yaani avitie mwanga kidogo, kwenye faili kabla hajatengeneza pleti, baada ya pleti utalipa tena. Msomaji hawezi kukueleza hayo kitaalamu, atasema tu "siku hizi jarida limepoa", halafu halipii.

Sasa, hela ya usajili peke yake inaweza kuchapa jarida lakini mara nyingi hailipi mishahara ya watu watatu, nakwambia ukweli. Waliodumu walitafuta kitu cha pili cha kuuza kwa wasomaji walewale. Angalia Aperture, jarida la picha la Marekani, ilianzishwa 1952 San Francisco na kina Ansel Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan, Beaumont na Nancy Newhall, mhariri akawa Minor White, mtaji wa maana hawakuwa nao na miaka ya mwanzo ilikuwa ya kubanana kwelikweli. Hadi leo linatoka mara nne kwa mwaka, limevuka miaka 70. Lilisajiliwa kama taasisi isiyogawana faida, likaingia kwenye vitabu, 1972 wakatoa kitabu cha picha za Diane Arbus, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na kitabu kile kimeuzwa nakala laki kadhaa na bado kinachapwa. Pia wanauza picha zilizochapwa kwa idadi maalum, msomaji anapata picha ya kutundika na taasisi inapata hela. LensWork nao, jarida jingine la picha, wa jimbo la Washington, Brooks Jensen na Maureen Gallagher, wapo tangu 1993 na hawaweki tangazo hata moja, ukurasa ni picha tu, mfululizo mzima wa mpiga picha mmoja halafu mwingine, na msomaji analipa kwa sababu hiyohiyo.

Kwenu mimi ningeanza na picha. Kila toleo chagueni picha moja iliyotoka ndani, ichapwe kwenye karatasi nzuri ya pamba, saizi ambayo fremu yake inapatikana madukani bila kuagiza, nakala 25 tu, zimepigwa namba na mpiga picha ametia sahihi kwa penseli chini pembeni. Nusu ya faida apewe mpiga picha, na mpeni siku ileile hela inapoingia, maana wapiga picha wetu wameshazoea kudhulumiwa na habari ya anayelipa vizuri inasafiri. Isafirishwe ikiwa bapa kati ya maboksi mawili magumu, mkikunja kwenye bomba itafika imejiviringisha na mteja hatanunua ya pili. Baadaye mnaweza kufikiria kitabu, mna matoleo ya tangu 2012, humo ndani kuna kitabu tayari, ila hakikisheni mna ruhusa ya maandishi ya wapiga picha, kuruhusu jarida sio kuruhusu kitabu.

Mfadhili. Mkubalini kwa kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kuskani negativu za wapiga picha wazee wa studio kabla hazijaoza, hiyo ni kazi ya maana na msomaji hawezi kuibeba. Ila hela ya mfadhili isichape toleo la kawaida hata mara moja. Ikichapa mara mbili mtasahau bei halisi ya jarida lenu, wasomaji watazoea bei ya uongo, na mradi ukiisha mtakuwa mnamwambia mtu aliyezoea elfu nane atoe elfu kumi na tano na hamna maelezo ya kumpa.

Jambo la mwisho ni namna ya kuwaambia wasomaji. Msiandike barua ya kulia. Watu wanatoa hela vikoba kila wiki bila kulazimishwa na askari kwa sababu kitabu kinafunguliwa mbele yao na kila mtu anaona kilichoingia na kilichotoka, fanyeni hivyohivyo. Ukurasa mmoja wa toleo lijalo uandikwe wazi, karatasi na uchapaji kiasi hiki, wapiga picha kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, duka lilikuwa linatoa kiasi hiki na limeacha, tuna watu 200 (au wowote watakaopatikana kwenye daftari) wasiokosa, tukifika 320 waliolipia mwaka jarida linajitegemea, tusipofika ifikapo tarehe fulani tutatoka mara mbili kwa mwaka badala ya nne na aliyelipa atapata manne yake kwa miaka miwili au atarudishiwa hela. Na hiyo tarehe muitimize. Mara mbili kwa mwaka sio aibu yoyote, mradi mwezi mliosema ndio mwezi lifike.

Mkilimaliza hilo daftari la matoleo manne, futeni majina na namba za simu mnitumie safu zenyewe tu pamoja na bei mbili za wachapaji, ya ofseti na ya dijitali, kwa kurasa 48. Nitawapigia hesabu ya bei ya usajili, maana sasa hivi ningekutajia namba ningekuwa nabahatisha.